Tusihukumu Msimu kwa Siku Moja

Kila mwaka, majuma machache kabla ya kufunguliwa kwa msimu wa mashindano ya magari ya Formula One, huzuka mabishano makali miongoni mwa wapenzi wa mchezo huo. Zamani mabishano hayo yalikuwa ya watu wa mbali. Siku hizi yamo vijiweni petu, yamo ndani ya daladala, yamo katika vile vyumba vya kuonyeshea picha ambavyo vijana wenyewe huviita vibanda umiza. Huyu anaapa kwamba Max Verstappen, bingwa wa dunia mara nne mfululizo kuanzia 2021 hadi 2024, hana mfano wake. Yule anamjibu kwamba Lewis Hamilton, aliyetwaa ubingwa mara saba kati ya 2008 na 2020, hajapata wa kumrithi. Wa tatu anasema zama za wote wawili zimepita, kwa kuwa ubingwa wa 2025 ulikwenda kwa Lando Norris. Sauti hupanda, na hoja zinapokwisha, matusi huanza.

Sisi hatuna ugomvi na ushabiki. Mtu aliyefanya kazi juma zima ana haki ya kufurahi siku ya Jumapili, na ikiwa furaha yake ni kuamka mapema ili aone magari yakiondoka Melbourne saa moja asubuhi kwa saa zetu, na afurahi. Linalotusumbua ni mambo mawili. La kwanza ni desturi ya kutoa hukumu kabla ya ushahidi. La pili ni tabia ya kumsifu mtu mmoja kwa kazi ya watu wengi. Mambo hayo yangekuwa ya kuchekesha tu, lau si kwamba yanawagharimu vijana wetu fedha walizozitolea jasho.

Tuanze na hilo la hukumu. Kabla ya msimu, timu hupeleka magari yao katika majaribio ya siku chache. Muda wa kila gari hutangazwa, na shabiki huupokea kama matokeo ya mtihani. Lakini mtihani gani huu ambao kila mwanafunzi amejichagulia swali lake? Timu moja imejaza mafuta, nyingine imeweka kidogo. Moja inajaribu matairi laini, nyingine magumu. Wala hakuna anayelazimika kumwambia mwenzake. Nao uzito wa mafuta si jambo dogo: kilo 10 huweza kulichelewesha gari kwa takriban theluthi moja ya sekunde katika kila mzunguko, na kwa kanuni za 2019 hadi 2025 gari liliruhusiwa kutumia hadi kilo 110 katika shindano moja. Katika majaribio ya 2019 huko Barcelona, Sebastian Vettel wa Ferrari alipata muda bora kuliko wote, akimzidi Hamilton kwa sehemu 3 za elfu za sekunde. Mashabiki wa Ferrari wakaanza kusherehekea. Msimu ulipofunguliwa Melbourne, Mercedes walishika nafasi ya kwanza na ya pili, Ferrari ya nne na ya tano. Kisha Mercedes wakashinda mashindano yote manane ya mwanzo.

Wapo watakaosema: basi tuyaache majaribio, tungoje shindano la kwanza, kwani nyota njema huonekana asubuhi. Methali hiyo ni ya hekima, lakini kila methali ina mahali pake. Tumeyatazama matokeo ya misimu kumi, kuanzia 2016 hadi 2025. Aliyeshinda shindano la kwanza alikuja kuwa bingwa mwaka 2016, kisha 2023, 2024 na 2025. Miaka sita iliyo katikati, mfululizo, kuanzia 2017 hadi 2022, mshindi wa ufunguzi hakupata ubingwa hata mara moja. Vettel alishinda ufunguzi mara mbili, Valtteri Bottas mara mbili, na mara zote nne taji likaenda kwa Hamilton. Mwaka 2021 Hamilton mwenyewe alishinda ufunguzi huko Bahrain, na taji likaenda kwa Verstappen. Nyota ya asubuhi ilionekana kweli, lakini mara sita ilizama kabla ya jioni.

Mwaka 2022 unafaa kutazamwa kwa karibu zaidi. Huko Bahrain Charles Leclerc wa Ferrari alishinda, na gari la Verstappen likazimika katika mizunguko ya mwisho kwa hitilafu ya mafuta. La mwenzake Sergio Pérez vilevile. Baada ya mashindano matatu Leclerc alikuwa mbele ya Verstappen kwa pointi 46, na walikuwapo waliokwisha kumvika taji. Verstappen alimaliza mwaka huo akiwa bingwa, ameshinda mashindano 15 kati ya 22. Na katika msimu wa 2025 mambo nusura yageuke kwa namna hiyo tena: baada ya shindano la Uholanzi Verstappen alikuwa nyuma ya Oscar Piastri kwa pointi 104, akaonekana ameondoka katika hesabu, lakini msimu ulipofungwa Abu Dhabi mwezi wa Desemba, alikuwa amempita Piastri, na Norris akamshinda kwa pointi 2 tu, 423 kwa 421. Mwenye kuhukumu mapema angehukumu nini hapo?

Sasa tuje katika jambo la pili, ambalo kwetu ni kubwa zaidi. Shabiki husema, "Fulani ameshinda," kana kwamba fulani huyo alikwenda kwa miguu. Jenson Button alimaliza msimu wa 2008 akiwa na pointi 3. Mwezi Desemba mwaka huo kampuni ya Honda ikajitoa, na timu ikawa hatarini kufa. Ross Brawn akaichukua na kuiendesha kwa jina lake. Machi 2009 Button alishinda ufunguzi wa Melbourne, akashinda mashindano sita kati ya saba ya mwanzo, akawa bingwa wa dunia. Mtu ni yuleyule, mikono ni ileile, macho ni yaleyale. Kilichobadilika ni gari. Kinyume chake ni Fernando Alonso, bingwa wa 2005 na 2006, ambaye katika mwaka mzima wa 2015 aliambulia pointi 11. Je, alisahau kuendesha? Na Norris huyu anayesifiwa, katika ufunguzi wa 2023 alilazimika kusimama mara sita kwa ubovu wa gari na akawa wa mwisho miongoni mwa waliomaliza. Miaka miwili baadaye alishinda ufunguzi na ubingwa pia. Yaliyofanyika katikati ya siku hizo mbili yalifanyika karakanani, na hayakuonyeshwa na televisheni.

Hapa tutaulizwa: basi dereva si kitu? La, hatusemi hivyo. Dereva ni kitu kikubwa, lakini hupimwa kwa mizani yake, na mizani hiyo ni mwenzake aliyepewa gari la namna moja. Mwaka 1988 Ayrton Senna na Alain Prost walikuwa pamoja katika timu ya McLaren, na kati yao walishinda mashindano 15 kati ya 16. Hapo ndipo ubishi ulipokuwa na maana. Hata hivyo haukumalizika, maana Prost alikusanya pointi 105 kwa jumla na Senna 94, lakini kwa kanuni ya wakati huo yalihesabiwa matokeo bora 11 tu, na Senna akawa bingwa kwa 90 dhidi ya 87. Vivyo hivyo mwaka 2016 Nico Rosberg alimshinda Hamilton, mwenzake katika Mercedes, kwa pointi 5. Anayetaka kubishana kwa insafu na abishane juu ya mambo ya namna hiyo. Kumlinganisha dereva wa gari bora na dereva wa gari bovu ni kumlinganisha mkulima wa bondeni na mkulima wa jangwani, kisha kumlaumu wa jangwani kwa uvivu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Gari linapoingia kubadili matairi, watu wapatao ishirini huliangukia kwa mara moja: huyu analiinua, huyu anafungua, huyu anatoa tairi, huyu anatia jingine. Mwaka 2023 huko Qatar mafundi wa McLaren waliimaliza kazi hiyo kwa sekunde 1.80. Msomaji hatakuwa amemaliza kulitamka jina la dereva kabla gari halijaondoka. Nani katika vibanda vyetu anayemjua hata mmoja wa watu hao kwa jina? Nyuma yao wamo mamia ya wachoraji, wahandisi, wafua vyuma na wapiga hesabu, ambao kosa la mmoja wao laweza kumnyima bingwa taji, na ambao ushindi wao huandikwa kwa jina la mwingine.

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki hatukupaswa kufundishwa jambo hili na watu wa nje. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 na katika miaka yake ya mwanzo kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilitufunza zamani kwamba barabara ya matope haijali jina la mtu. Joginder Singh, aliyeishinda mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Wazee walioyaona magari hayo yakipita walimsifu dereva, lakini waliuliza pia: nani alilitengeneza gari lile hata likavuka? Swali hilo la wazee ndilo tunalotaka vijana walirudishe.

Tena isisahaulike kwamba dereva naye ni mfanyakazi. Januari 1982 msimu ulifunguliwa Kyalami, katika Afrika ya Kusini iliyokuwa bado chini ya makaburu. Siku ya mazoezi ya kwanza madereva waligoma, wakiongozwa na Niki Lauda na Didier Pironi, kwa sababu walitakiwa kutia saini leseni yenye masharti ya kuwafunga kwa timu zao. Walipanda basi, wakaenda katika hoteli moja ya Johannesburg, wakalala pamoja chumba kimoja, magodoro yakiwa yametandikwa chini. Mahasimu wa barabarani, ambao mashabiki wao walikuwa tayari kupigana, walilala bega kwa bega. Shindano lilipofanyika, Prost alishinda. Na bingwa wa mwaka huo? Keke Rosberg, aliyeshinda shindano moja tu msimu mzima.

Yote haya yasingetuhimiza kuandika leo kama si kamari. Msimu unapokaribia, matangazo ya kamari humwita kijana aweke fedha yake juu ya dereva ampendaye, na kijana huandika kile akiitacho mkeka kwa fedha iliyokuwa hesabu ya tajiri wa pikipiki, au ada ya mdogo wake. Wazee waliotufundisha chuoni walikwisha kutuambia hukumu ya kamari, nasi hatuna la kuongeza juu ya maneno yao. Hapa tunasema hesabu peke yake. Kijana ambaye kila mwaka angeona mshindi wa ufunguzi kisha akaweka fedha kwamba huyo ndiye bingwa, angepoteza kuanzia 2017 hadi 2022 bila kupumzika hata mwaka mmoja. Mwenye duka la kamari anaijua hesabu hiyo. Ndiyo maana hamtakii mteja wake subira. Pupa ya shabiki ndiyo mtaji wake.

Kwa hiyo tunawaambia wapenzi wa mchezo huu, hasa vijana: bishaneni, lakini bishaneni kwa elimu. Mjue gari, mjue kanuni, na mkumbuke kwamba kanuni zikibadilika kwa ukubwa, kama zilivyobadilika 2009, 2014, 2022 na 2026, hata wajuzi huanza upya. Mpimeni dereva kwa mwenzake wa gari moja. Mkilitaja jina la mshindi, watajeni na mafundi wake. Ngojeni angalau robo ya msimu kabla ya kutoa hukumu, nayo itoeni kwa ulimi tu. Fedha ibaki mfukoni, irudi nyumbani. Mbio zitakwisha, taji litapata mwenyewe huko liliko, na asubuhi ya Jumatatu tajiri wa pikipiki atataka hesabu yake.