MTAA WA KUHAMIA SI SHAURI YAKO, NI SHAURI LETU



Mfanyakazi akipewa barua ya uhamisho kwenda Embu au Meru, barua humpa tarehe ya kuripoti, jina la ofisi, na pengine nauli ya basi. Akiuliza mke na watoto watakaa wapi, hujibiwa kwa maneno mawili tu: shauri yako. Mji wa Embu una mtaa mzima wenye jina hilo, Shauri Yako. Sisi twaona jina hilo lingefaa kubandikwa juu ya mlango wa kila tajiri anayehamisha watu kama magunia. Twasema hapana. Mtaa atakaokaa mfanyakazi na familia yake ni jambo la mshahara, na jambo la mshahara ni jambo la chama.

Pengine mtu atauliza: watu wa reli wana nini na Embu na Meru, maana reli haifiki huko? Ni kweli. Njia ya tawi hutoka Nairobi, hupita Thika, Sagana na Karatina, kisha huishia Nanyuki. Upande wa mashariki wa Mlima Kenya uliachiwa mabasi na malori. Lakini tangu njia hiyo ilipofufuliwa mwaka 2020, wako wenzetu wa Sagana wenye familia Embu, na wako wa Nanyuki wenye familia Meru. Wako pia wa Nairobi walioshindwa na kodi, wakaona heri watoto wakae karibu na mlima. Na tangu serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, wauguzi, makarani na madereva wamekuwa wakiletwa katika miji hii miwili. Kazi zetu si moja, lakini shida hii ni moja.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Mfanyakazi wa reli wa zamani alipewa nafasi katika landi za Muthurwa, na mke akabaki shambani. Tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza waliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu walikamatwa, wakapelekwa vizuizini au wakarudishwa makwao. Huko makwao nako watu walitolewa mashambani kwao wakakusanywa katika vijiji vya kulindwa. Aliyebaki mjini alitembea na kitabu cha pasi, akakaa mahali alipoambiwa akae. Wazee wetu hawakuchagua mtaa. Walichaguliwa.

Mwaka huohuo wa 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilitoa taarifa juu ya mishahara ya Waafrika. Ilisema wazi kwamba mshahara wa chini ulikuwa umehesabiwa kwa mtu mseja, ikashauri uhesabiwe kwa mtu mwenye mke na watoto. Miaka zaidi ya 70 imepita, na mkoloni alikwisha kwenda zake. Mbona mfanyakazi anayehamishwa bado hupewa fedha za chumba cha mseja?

Tena fedha za nyumba hazikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na kodi ya nyumba ilikuwa katikati ya ugomvi wao. Serikali iliunda tume ya Willan kuchunguza, na waajiri wakatoa fedha za kodi. Tunachokipata leo katika karatasi ya mshahara kwa jina la marupurupu ya nyumba kilinunuliwa na watu waliosimamisha kazi. Atakayekiacha kipunguzwe kimyakimya anauza mali asiyoinunua.

Sheria nayo iko upande wetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa mahali pa kazi au karibu yake, au amlipe juu ya mshahara fedha za kutosha kupata nyumba ya kufaa. Maneno ni mawili: kufaa, na kutosha. Lakini kifungu hichohicho kina mlango wa nyuma. Kama mkataba wa pamoja umechanganya fedha za kodi ndani ya mshahara, mwajiri hadaiwi tena mbali. Kwa hiyo kila mkataba unapoletwa, wanachama wausome kabla viongozi hawajatia sahihi. Neno moja katika ukurasa wa tano laweza kuwafukuza watoto wako katika nyumba yenye maji.

Sasa tazameni hesabu. Amri ya Mishahara ya serikali huweka Nairobi na miji mikubwa juu, na miji iliyokuwa na manispaa, kama Embu na Meru, chini yake. Fedha za nyumba kwa mshahara huo wa chini ni asilimia 15. Mwenye shilingi 20,000 hupata shilingi 3,000. Twamwomba tajiri yeyote atembee na shilingi 3,000 mkononi kutoka Makutano hadi Kooje kule Meru, au kutoka Majimbo hadi Kangaru kule Embu, atafute nyumba ya mume, mke na watoto watatu, yenye maji na choo. Akiipata, atuonyeshe, nasi tutamshukuru.

Watu husema, mnalalamika nini, Embu ni rahisi kuliko Nairobi. Ndizi na maharagwe ni rahisi, hatukatai. Lakini vitabu vya shule, dawa, sabuni na mabati havijui kama vimefika Embu. Vyuo vikuu navyo vimekuja, kimoja Embu na kimoja Nchiru nje ya Meru. Twafurahi kwa elimu, lakini mwenye ploti amejifunza kwamba vyumba kumi vya wanafunzi humletea fedha kuliko nyumba tatu za familia. Atajenga nini?

Wengine husema, mchagua jembe si mkulima. Mwenye kusema hivyo hajalima. Mkulima wa Meru huukagua mpini kabla ya kutoa senti, maana malengelenge yatakuwa yake. Na wako wanaotushauri tuache familia nyumbani, tupange chumba kimoja karibu na kazi. Hiyo ni landi ya Muthurwa imerudi kwa jina jingine. Anayefanya kazi Nairobi na familia yake iko Meru hupita bonde la Nithi kila mwisho wa mwezi. Julai 2022 basi lilitumbukia pale, watu zaidi ya 30 wakafa. Nauli hiyo na hatari hiyo haimo katika karatasi yoyote ya mshahara.

Basi anayehamia afanye nini? Kwanza asidanganywe na jina. Embu kuna Dallas, jina la mji wa matajiri wa mafuta wa Marekani, lakini jina halikuleta mafuta. Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ajenti atakupeleka mtaani saa nne asubuhi, jua likiwaka. Wewe rudi peke yako saa mbili ya usiku, uone kama kuna taa na kama mama aweza kupita na mtoto. Rudi tena mvua ya Aprili ikinyesha, uone udongo mwekundu unavyokamata gurudumu, na maji machafu yanakokwenda. Usimwulize ajenti habari za maji. Waulize akina mama waliosimama na jerikeni bomba linatoka siku ngapi kwa juma. Waulize shule ya serikali iko umbali gani kwa miguu ya mtoto wa miaka saba. Uliza gharama ya kufika hospitali usiku. Ukiambiwa barabara au reli mpya itapita hapo, kumbuka kwamba reli ya kwenda Isiolo ilizinduliwa mwaka 2012 pamoja na mradi wa bandari ya Lamu, na mpaka leo hatujasikia king'ora chake.

Halafu piga hesabu yote, si kodi tu. Tuseme nyumba ya karibu ni shilingi 9,000 na ya mbali ni 6,000. Ile ya mbali yaonekana nafuu. Lakini wewe na watoto wawili mkipanda matatu kwa shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, siku 22, ni shilingi 6,600. Ukinunua maji jerikeni tano kila siku kwa shilingi kumi kumi, ni 1,500 tena kwa mwezi. Jumla 14,100. Nyumba ya bei rahisi imekushinda kwa shilingi 5,100, na watoto wamefika shuleni wamechoka.

Hesabu hiyo mtu mmoja akipeleka kwa tajiri, ataambiwa shauri yako. Tawi zima likipeleka hesabu za watu mia, huo ni ushahidi mezani. Serikali nayo isikie. Baraza la kodi chini ya Sura 296 husikiliza kesi za nyumba zisizozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Wenye kupanga nyumba za familia wako nje ya ua. Tena kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 twakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wote, na mwajiri hutoa kiasi hichohicho. Mwenye mshahara wa 40,000 hutoa 600, na mwajiri wake 600. Kwa mwaka ni shilingi 14,400 kwa jina la mtu mmoja. Hatusemi nyumba zisijengwe. Twasema anayekatwa ana haki ya kuuliza: Embu ngapi, Meru ngapi, katika mtaa gani, na kodi yake itamfaa nani?

Kwa hiyo twaleta madai manne mbele ya matawi yote. Kwanza, kila tawi liwe na daftari la mitaa, lenye kodi, maji, shule na nauli, likaguliwe kila mwaka, na mgeni apewe alisome kabla hajakutana na ajenti. Pili, fedha za nyumba zihesabiwe kwa kodi halisi ya nyumba ya familia katika mji anaopelekwa mfanyakazi. Tatu, uhamisho wa mwenye watoto ufanyike shule zikifungwa, na gharama ya lori la vyombo ilipwe na anayehamisha. Nne, mkataba wowote unaochanganya kodi na mshahara usitiwe sahihi mpaka wanachama waupigie kura.

Madai haya si makubwa. Mtu aliyetumwa kazi ataka kulala na watoto wake chini ya paa moja, penye maji, na kufika kazini kwa wakati. Tajiri naye hufaidika, maana mtu aliyelala vizuri hafungi boliti ovyo.

Ndugu, mkutano wa tawi ukiitwa, njoni na hesabu zenu zimeandikwa: kodi, maji, nauli, karo. Njoni na wake zenu na waume zenu, maana wao ndio waijuao foleni ya bomba. Na karani akikupa barua ya uhamisho, usitie sahihi ya kuipokea ukaondoka kimya. Muulize habari za nyumba. Akikujibu shauri yako, mwambie utarudi kesho, na urudi na katibu wa tawi.

Umoja ni nguvu.