Mkono Ukifa Ganzi, Mwenzio Ajue

Mwezi huu tuongee kuhusu kushikana mikono. Ndiyo, mikono! Wengi wetu mtu akiutoa mkono wake haraka mwenzie anapoushika, tunasema penzi limepoa. Kumbe wakati mwingine ni kisukari.

Mimi ninacho, mwaka wa nane sasa. Jioni moja tulikuwa tunatembea ufukweni hapa Bagamoyo, mume wangu akanishika mkono wa kulia, nikauchomoa. Akanyamaza mpaka nyumbani. Usiku akauliza, "Mama watoto, nimekukosea nini?" Nikamwambia ukweli: vidole vinawaka kama nimeshika pilipili, na saa tisa usiku huwa naamka kuukung'uta mkono. Akashusha pumzi, akasema, "Afadhali!" Kesho yake tukaenda hospitali wote wawili.

Sikilizeni basi. Sukari ikikaa juu kwa miaka inaharibu neva, yaani mishipa ya fahamu. Kwa kawaida huanzia miguuni, mikono hufuata baadaye. Mkono ukianza wenyewe, daktari hutafuta na sababu nyingine. Kama ni dole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, mara nyingi neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono, na tatizo hilo huwapata zaidi wenye kisukari. Kama ni kidole cha mwisho na cha pete, huenda imebanwa kwenye kiwiko. Wapo ambao bega ndilo linaganda. Na wewe unayetumia metformini miaka mingi, muulize daktari kuhusu vitamini B12, maana ikipungua nayo huleta ganzi. Ila maumivu ya mkono yakija pamoja na kifua kubana na jasho, usisubiri asubuhi, kimbia hospitali.

Langu lilikuwa la kifundo. Nikapewa kifaa cha kuunyoosha mkono ninapolala. Sindano ya steroidi ipo, lakini inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa. Ikishindikana, kuna upasuaji mdogo. Neva zilizoharibiwa na sukari nazo zina dawa za kutuliza, kama amitriptilini. Hizo anaandika daktari, usiazime kwa jirani!

Sasa lile zito. Mkono wenye ganzi haukupi taarifa. Unaparua samaki, mwiba unakuchoma, hujui. Unaepua sufuria, unaungua, hujui. Mwaka 2002 ilitoka ripoti ya kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari wa Dar es Salaam, jirani zetu kabisa, walioonekana kuanzia mwaka 1998. Kidonda kidogo tu, mchubuko au kuumwa na mdudu, kiligeuka maambukizi yaliyotambaa mkono mzima. Wapo wanaopoteza vidole, wapo wanaopoteza maisha. Hali hii huonekana zaidi nchi za joto, hasa ukanda wa pwani, na kinachoiponza mikono mingi ni kuchelewa kwenda hospitali. Unapaka majivu, unasubiri, siku ya nne mkono umevimba kama mkate wa kumimina.

Kwa hiyo nyumbani kwetu tuna utaratibu. Kila jioni baada ya kula, mume wangu ananishika mikono kwenye mwanga, anaangalia viganja, kati ya vidole, na kucha. Yeye ndiye anayepima joto la maji yangu ya kuoga. Akiona mchubuko, tunaosha kwa maji safi na sabuni, tunafunika. Ukivimba, ukiwa mwekundu au ukitoa usaha, siku hiyo hiyo tunaenda hospitali, hata kama ni Jumapili na wageni wako sebuleni.

Na nyie mnaotoka kazini mmechoka, kila mtu na simu yake kitandani, jaribuni wiki moja tu. Dakika mbili zinatosha, na hakuna atakayelalamika kwamba siku hizi hashikwi mkono.

Haya, tukutane mwezi ujao.