Nani Alipimwa, na Nani Alilipa?

Tangu Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha, mwaka 1996, mradi wake wa kimataifa wa kuchunguza mawimbi ya sumakuumeme, swali moja limekuwa likiulizwa maofisini, mashuleni na mabarazani: je, simu ya mkononi, mnara wa simu na nyaya za umeme wa msongo mkubwa humdhuru binadamu? Majibu mawili yameenea. La kwanza ni la wafanyabiashara, nalo husema kwamba wataalamu wa dunia wamekwisha kumaliza kazi, madhara hakuna, na kila mtu anunue na aendelee kuzungumza. La pili ni la wazushi, nalo husema kwamba mnara ni sumu. Yote mawili ni majibu ya watu wasiotaka kusoma. Lakini lile la kwanza lahitaji kuchunguzwa zaidi, kwa sababu huvaa joho la sayansi.

Utafiti mashuhuri kuliko yote katika jambo hili ni ule ulioitwa Interphone, ulioratibiwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake katika mji wa Lyon, Ufaransa. Wagonjwa wenye uvimbe wa kichwani walihojiwa juu ya matumizi yao ya simu, na majibu yao yakalinganishwa na ya watu wasio na maradhi hayo. Nchi zilizoshiriki zilikuwa 13: Australia, Canada, Denmark, Finland, Ufaransa, Ujerumani, Israel, Italia, Japani, New Zealand, Norway, Sweden na Uingereza. Afrika haimo. Waliohojiwa walikuwa watu wa umri wa miaka 30 hadi 59. Mtoto hakuulizwa neno. Na ni nani aliyehesabiwa kuwa mtumiaji wa kawaida wa simu? Ni yule aliyezungumza kwa simu walau mara moja kwa wiki, kwa muda wa miezi sita! Kwa kipimo hicho, mzee anayepigiwa na binti yake kila Jumapili na karani wa mauzo asiyeiondoa simu sikioni wako kapu moja.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Kwa jumla hakuonekana ongezeko la saratani ya ubongo. Lakini katika fungu la juu kabisa, la wale waliokwisha kuzungumza kwa saa 1,640 au zaidi, saratani iitwayo glioma ilionekana kuzidi kwa asilimia 40. Watafiti wenyewe walionya kwamba huenda ziada hiyo ilitokana na makosa ya kumbukumbu na ya uteuzi wa watu, na onyo hilo ni la haki. Hata hivyo mtu na akokotoe: saa 1,640 ni nusu saa kwa siku kwa miaka tisa. Hayo ndiyo yaliyoitwa matumizi makubwa mno.

Gharama ya kazi hiyo ilikuwa kiasi cha euro milioni 19, na zaidi ya milioni 5 kati yake zilitoka kwa wenye viwanda na makampuni ya simu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo ilipitishwa katika chombo cha kati ili mtoa fedha asimwelekeze mtafiti. Lakini kwa nini tahadhari hiyo ilihitajiwa? Mwaka 2007 wataalamu walipitia majaribio 59 juu ya simu na afya, wakakuta kwamba yale yaliyogharimiwa na makampuni peke yake ndiyo yaliyokuwa na uchache zaidi wa kutaja athari yoyote. Hakuna aliyethibitisha kwamba mtu alisema uongo. Anayelipa ana njia nyingine: huchagua swali.

Haki yadai kusema pia habari njema. Utafiti wa vijana wa miaka 10 hadi 24 katika nchi 14, uitwao Mobi-Kids, haukuona uhusiano kati ya simu na uvimbe wa ubongo. Mapitio ya maandiko 63 ya kitaalamu, yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani na kutolewa mwaka 2024, yamefikia jibu hilo hilo kwa saratani ya ubongo. Mwalimu anayewaficha wanafunzi wake habari hizo ili awatie hofu hana tofauti na wale waliochoma minara ya simu nchini Uingereza mwaka 2020 kwa uzushi kwamba ilileta ugonjwa wa korona.

Lakini katika nchi hizo 14 za vijana, Afrika pia haimo. Hapa ndipo watu wenye kasumba huinuka na kusema kwamba mwili wa binadamu ni mmoja, basi kilichopimwa Ulaya kinatosha. Mwili ni mmoja, ndiyo. Mazingira si mamoja. Simu iliyo karibu na mnara hunong’ona, na iliyo mbali nao hupiga kelele, maana huongeza nguvu ya mawimbi yake ili isikike. Kwa hiyo mwanakijiji anayetafuta mtandao juu ya kichuguu, mnara ukiwa mbali, hupata kichwani mawimbi mengi kuliko mkazi wa Copenhagen. Wanaouogopa mnara na kuikumbatia simu wameigeuza fizikia kichwa chini. Somo hilo lingefaa kufundishwa sekondari.

Denmark iliweza kufuatilia wateja 420,095 wa simu kwa sababu ina daftari la wagonjwa wa saratani tangu miaka ya 1940. Na hata huko, simu zaidi ya 200,000 zilizoandikishwa kwa majina ya makampuni ziliondolewa katika hesabu, kwa kuwa haikujulikana nani alizitumia. Na bila shaka wenye kuzungumza sana walikuwa humo. Ikiwa nchi yenye daftari la namna hiyo yaweza kuwapoteza watumiaji wakubwa, nchi isiyo na daftari kamili itawaona wapi?

Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, ambayo huhusika pia na mionzi ya minara ya simu. Kupima si kazi ngumu. Kazi ni kumweleza mwananchi. Kipimo cha mnara uliosimama nyuma ya shule kisilale katika jalada. Kibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata, kwa Kiswahili, pamoja na tarehe, kikomo kinachoruhusiwa, na jina la aliyegharimia upimaji.