Mhasibu wa AMCOS lazima aijue pamba

Soko la pamba linapofunguliwa mwezi Mei, mikokoteni ya ng'ombe huelekea kwenye maghala ya vyama vya msingi huko Mwamapalala na kata nyingine za Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa. Mkulima huuliza bei, kisha hukodolea macho mizani. Swali la tatu huulizwa na wachache: anayeandika vitabu vya chama anaifahamu pamba kiasi gani?

Swali hilo lilipata uzito mwaka 2018, Serikali ilipoelekeza pamba inunuliwe kupitia AMCOS. Tangu hapo fedha nyingi za wakulima zimepita kwenye vitabu vya vyama vidogo vya vijijini. Chama kikitafuta mtunza hesabu, mara nyingi huridhika na cheti cha biashara. Cheti ni kitu kizuri, lakini ghala la pamba si duka la rejareja.

Kwanza ni uzito. Sukari ya dukani haipungui kilo ikikaa kwenye rafu. Pamba iliyopokelewa na unyevu hukauka ghalani, na kilo zinazofika kiwandani huwa pungufu ya zile zilizolipiwa. Mfano rahisi: chama kimenunua kilo 100,000 kwa Sh. 1,200, yaani Sh. milioni 120, na kinapata ushuru wa Sh. 30 kwa kilo, yaani Sh. milioni 3. Uzito ukipungua kwa asilimia 2 tu, kilo 2,000 zenye thamani ya Sh. milioni 2.4 zimetoweka. Chama kikitakiwa kuzilipa, msimu mzima kinabakiwa na Sh. 600,000. Mhasibu anayeijua pamba hudai mapema kwamba mkataba na mnunuzi utaje nani anabeba upungufu huo. Asiyeijua hugundua msimu ukiwa umekwisha, na karani wa mizani huitwa mwizi hata kama hakuiba.

Pili ni fedha za ununuzi. Zile Sh. milioni 120 alizoleta mnunuzi si mapato ya chama. Ni deni, mpaka pamba yake imfikie. Mapato ni ule ushuru wa Sh. milioni 3. Akiziandika zote kama mauzo, chama huonekana tajiri kwenye karatasi, na kamati huanza kupanga posho kwa fedha isiyo yake.

Tatu ni makato. Mbegu na viuadudu vilivyotolewa kwa mkopo hurejeshwa wakati wa kuuza, hivyo kila mkulima anahitaji ukurasa wake unaoonyesha alichochukua, kilichokatwa na kilichobaki. Upo pia ushuru wa mazao wa halmashauri, ambao kwa mazao ya biashara ulishushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3. Kisheria anaulipa mnunuzi. Mtunza hesabu asiyelijua hilo anaweza kumkata mkulima kodi isiyomhusu.

Nne ni madaraja na tarehe. Pamba safi na pamba fifi hazina bei moja, hivyo haziwezi kuandikwa kwenye safu moja ya daftari. Na chama kinachofunga hesabu Juni 30 kinazifunga soko likiwa limepamba moto, pamba nyingine ikiwa bado ghalani. Asiyeihesabu pamba hiyo pamoja na deni lake hutoa taarifa ya uongo bila kukusudia.

Wakulima hawajasahau mwaka 2019. Bei dira ilitangazwa kuwa Sh. 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na wengi wakakaa miezi wakisubiri malipo. Wakati kama huo, kinachomlinda mkulima ni maandishi yanayotaja jina lake, kilo zake na kiasi anachodai. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Wapo watakaosema chama kidogo hakina uwezo wa kumlipa mhasibu wa namna hiyo. Ni kweli, kikiwa peke yake. Lakini vyama vinne au vitano vya jirani vinaweza kumwajiri mmoja kwa pamoja. Aliyepo naye anaweza kupewa mafunzo. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kipo kwa kazi hiyo. Kungojea wakaguzi wa COASCO hakutoshi, kwa sababu mkaguzi huja baada ya pamba kuondoka na fedha kugawanywa. Anaweza kuonyesha pengo, hawezi kulizuia.

Wanachama nao wana wajibu. Kabla ya kuajiri, kamati impeleke mwombaji ghalani na kumwuliza: pamba ikipungua uzito njiani utaandika wapi? Fedha ya mnunuzi utaiweka fungu gani? Na kwenye mkutano mkuu mkulima asimame aulize kilo ngapi zilinunuliwa, ngapi zilifika kiwandani, na nani alilipa tofauti. Mtunza hesabu anayeijua kazi yake atajibu papo hapo. Akianza kupapasa karatasi, wanachama wafanye uamuzi kabla Mei nyingine haijafika.