Tukimshangilia mwizi wetu, tusilie tukiitwa wezi

 

Leo tunaandika juu ya mpira, lakini si juu ya magoli. Tunaandika juu ya udanganyifu, na juu yetu sisi mashabiki tunaoujua na kunyamaza.

Pale kwenye kibanda cha video, ukitaka kelele zianze, taja tu jina la Luis Suárez. Mwaka 2010, Johannesburg, robo fainali ya Kombe la Dunia, aliuzuia mpira wa Ghana kwa mikono kwenye mstari wa goli. Akala kadi nyekundu, Asamoah Gyan akagonga mwamba, mwishowe Ghana ikatolewa kwa penalti. Wengi wetu tulikuwa watoto wadogo, lakini hasira tumeirithi. Mwizi yule! Sawa. Ila tujiulize kidogo: angekuwa wetu, amevaa jezi yetu, tungemwita mwizi au shujaa?

Halafu Suárez angalau alifanya mbele ya macho ya wote na akaadhibiwa palepale. Kuna udanganyifu mwingine, ule unaofichwa ndani ya vifaa.

Tarehe 3 Septemba 1989, uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro. Brazil na Chile wanatafuta nafasi ya Kombe la Dunia la 1990. Chile inahitaji ushindi, na iko nyuma 1-0. Kipindi cha pili fataki inarushwa kutoka jukwaani, inaanguka karibu na kipa wa Chile, Roberto Rojas. Moshi unatanda. Rojas yuko chini, uso umejaa damu. Wenzake wanambeba, wanatoka naye uwanjani, wanakataa kurudi.

Huko Chile watu walichemka. Kule Santiago waliandamana mpaka kwenye ubalozi wa Brazil. Tusiwacheke. Damu waliiona, nani asingeamini?

Lakini picha zilionyesha kwamba fataki ile haikumgusa kabisa. Kilichomkata ni wembe, na wembe alikuja nao mwenyewe, ameuficha ndani ya glavu. Baadaye alikiri. Brazil ikapewa ushindi wa 2-0. Rojas akafungiwa maisha, na adhabu hiyo ikaja kuondolewa mwaka 2001. Na Chile nzima ikazuiwa kucheza mechi za kufuzu Kombe la Dunia la 1994. Fikirieni kijana wa Chile aliyekuwa anafanya mazoezi kila asubuhi, hajui habari ya wembe wala glavu. Naye kafungiwa mlango.

Kule Marekani nako yalitokea, kwenye mpira wao ule wa kushika mkononi. Januari 2015, New England Patriots waliwafunga Indianapolis Colts 45-7. Kwenye mchezo ule kila timu inashambulia kwa mipira yake yenyewe. Mipira ya Patriots ilipopimwa wakati wa mapumziko, ilikutwa na upepo chini ya kiwango. Mpira uliopungua upepo unashikika vizuri zaidi. Nyota wao, Tom Brady, alikana, lakini alifungiwa mechi nne na klabu ikatozwa faini ya dola milioni 1. Wengine walisema baridi peke yake inapunguza upepo. Basi ugomvi ukawa wa jezi: mashabiki wake wakasema kaonewa, wa timu nyingine wakasema mwizi. Ushahidi ulikuwa uleule, lakini kila mtu aliusoma kwa macho ya timu yake.

Sisi hapa kambini tumezoea kuingiza upepo kwa pampu ya baiskeli na kupima kwa kidole gumba, kwa hiyo hadithi hiyo tuliicheka sana. Kumbe tulikuwa tunajicheka wenyewe.

Msimu uliopita tulikuwa na mashindano ya vijana chini ya miaka 17. Timu ya zoni yetu ilikuwa na mshambuliaji hatari. Alicheza kwa kadi ya mdogo wake. Umri wake wa kweli ni miaka 21. Tulijua? Tulijua. Wengine wetu ndio tulioshika daftari la majina, tukaandika tarehe ya kuzaliwa ya mdogo wake bila mkono kutetemeka. Alipofunga tuliimba. Watoto wa zoni ya pili walipolalamika tuliwazomea: "Mmefungwa, nyamazeni!" Mmoja wao alikuwa analia kabisa.

Halafu ikagundulika. Waandaaji hawakumtafuta aliyeleta kadi wala aliyeandika daftari. Waliifuta zoni yetu nzima kwenye mashindano na kuchukua mipira yote. Timu yetu ya wasichana, iliyokuwa imefika nusu fainali bila kosa lolote, ikaambiwa nayo irudi nyumbani. Nahodha wao alituuliza swali moja tu: "Sisi tulidanganya nini?" Tulikosa jibu.

Hapo tunataka kusema mambo mawili, moja kwetu na moja kwa mashirika.

Kwetu kwanza. Kuna wanaosema: mpira tu huo, mbona mnaukuza? Na zoni nyingine nao wanadanganya. Ni kweli, wapo. Lakini ndugu zetu, sisi ni watu tunaoishi kwa kuaminiwa. Mahojiano, uhakiki, alama za vidole, kadi ya chakula, kila siku tunaulizwa: wewe kweli ni nani? Mama anayesema nyumba yake ilichomwa hana picha ya kuonyesha. Ana mdomo wake tu. Kila tunapochezea kadi kwa ajili ya kikombe cha plastiki, tunapunguza uzito wa neno la mama yule. Damu ya Rojas ilitoka kweli, lakini ilikuwa na uongo ndani yake, na kipa atakayeumia kweli kesho ndiye anayelipa. Watasema anaigiza.

Na shabiki asijitoe. Wembe ule mashabiki wa Chile hawakuujua, walidanganywa nao. Sisi hatuna hata sababu hiyo. Sisi wembe tuliuona, tukapiga makofi.

Sasa kwenu mashirika. Tunaheshimu kazi yenu, na wengi wetu tunajitolea pamoja nanyi kila siku. Hatuombi udanganyifu usamehewe. Tunaomba aadhibiwe aliyedanganya. Ukimfuta na asiyejua kitu, haumfundishi ukweli. Unamfundisha kwamba kuwa mwaminifu hakumsaidii mtu, maana mwaminifu na mwongo wanakula adhabu moja. Sisi tulikimbia sehemu ambako mtu alikuwa anaadhibiwa kwa kosa la kabila lake au la kijiji chake. Tukikutana na adhabu ya namna hiyo, hata kama ni ndogo, hata kama ni ya mpira tu, inaamsha vitu vingi moyoni. Kabla ya kufunga mlango, ulizeni: nani alifanya, nani alijua, nani hakujua.

Sisi tulioshika daftari tumeanza na letu. Tulikwenda kwa wasichana wale, tukasimama mbele yao na kuomba msamaha. Wawili walikubali, wengine walinyamaza, na haki yao. Tumewaandikia waandaaji barua yenye majina yetu kamili, tukisema ni sisi tulioandika tarehe ile na kwamba timu ya wasichana haikuhusika. Tumeomba wao warudishiwe nafasi msimu ujao, na sisi tukae nje. Jibu bado halijafika.

Na tumekubaliana jambo moja dogo. Msimu ujao majina na umri wa kila mchezaji vitasomwa kwa sauti uwanjani kabla ya mechi ya kwanza, wazazi na wazee wakiwa wamekaa pale. Kambini tunajuana. Mama aliyezaa mwaka mmoja na mama yako hawezi kudanganywa umri wako. Ikisomwa tarehe ya uongo, shabiki yeyote anyanyue mkono, hata kama mchezaji ni wa timu yake. Hasa kama ni wa timu yake.

Wewe ungenyanyua? Tujibuni hapa chini, na kwa ukweli.