Mliompa chumba, rudini
Na Mwalimu Kirimi

Wiki hii sokoni Mikinduri nimeona godoro likitupwa nje ya chumba cha mabati, na mpaka naandika haya hasira haijanishuka.

Mwenye godoro ni kijana mchuma miraa aliyelala miaka mingi kwenye veranda za maduka. Mapema mwaka huu kikundi cha wahisani kilimpangishia chumba hicho, kikamnunulia godoro, sufuria na jiko la makaa. Maombi yakafanywa, picha zikapigwa, kisha wakaenda zao. Hakuna aliyerudi kumjulia hali. Kodi waliyolipa ilipokwisha, mwenye nyumba akabadilisha kufuli.

Huyo simlaumu, naye ana karo ya kulipa. Walionichoma ni watazamaji. "Mwalimu, achana naye," mmoja akaniambia. "Chokoraa akishazoea barabara, amezoea." Nani huzoea baridi ya Nyambene mwezi wa Julai? Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua sivumilii kauli hiyo. Ni uongo, na ndio unaotupa ruhusa ya kuwaruka watu waliolala tukienda kununua mkate.

Nilimpeleka kijana hotelini tukanywa chai. Hana kitambulisho. Mamake alifariki kabla ya kumfanyia cheti cha kuzaliwa, na ukoo wa babake haumtambui kwa kuwa shamba lilikwisha gawanywa na hakuna anayetaka mrithi mwingine. Tangu mwaka 2024 sheria inamkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, lakini kujisajili Boma Yangu, mfumo wa serikali wa kuombea nyumba hizo, ni lazima uwe na kitambulisho. Kijana huyu hata mlangoni hafiki. Miraa ikikosa bei, hana kibarua. Asipopata kibarua, hulewa. Alihitaji mtu wa kwenda naye kwa chifu, wa kuketi na wazee wa ukoo, wa kumpigia hodi kila juma hata akimkuta amelewa. Akapewa sufuria.

Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini Kenya. Mwaka uliofuata, wenzao wa Nakuru walisombwa usiku na kuachwa karibu na msitu wa Chemususu, Baringo. Hivyo ndivyo tunavyofikiri: mwondoe machoni, mambo yameisha. Ufini tangu 2008 imeshika njia nyingine. Mtu hupewa nyumba kwanza, hata kabla ya kuacha pombe, na mhudumu huendelea kumtembelea akiwa ndani. Wasio na makao huko wakapungua sana kufikia 2023. Msiniambie Ufini ni tajiri. Kodi ya chumba cha mabati Mikinduri haishindi kikundi kinachoweza kukodi mahema na vipaza sauti kwa hafla ya asubuhi moja.

Nanyi wa kikundi kile, nawaomba mrudi. Lipeni kodi, kisha mtafuteni mama au mzee mmoja wa hapa hapa, mumlipe posho, awe anamfuata kijana huyu mpaka kitambulisho kitoke na kazi ishike. Mwaka mzima, au miwili ikibidi. Kama hilo hamliwezi, zifuteni zile picha.