Vyeti Tunavyo, Bisibisi Hatujui Kuishika

Leo nina aibu yangu moja nataka niwasimulie.

Mwezi wa kwanza mashine ya gemu ya nyumbani kwetu iligoma. Tunaishi wanne hapa Uingereza, na mechi za Jumamosi usiku ndiyo baraza letu. Ukiiwasha inanguruma kama mashine ya kusaga, dakika kumi haijafika inazima. Wenzangu wakanigeukia: "Si wewe ndiye injinia bwana!" Kweli, nina miaka 30, nafanya shahada ya uzamivu ya uhandisi mitambo, na somo la uhamishaji wa joto nimeshawahi kuwafundisha wa mwaka wa pili. Lakini mashine yenyewe sikujua hata inafunguliwa wapi.

Ikabidi nimpigie mdogo wangu, fundi simu pale Kariakoo. Niseme ukweli: ni huyu huyu ambaye mwaka 2019 nilimwambia mbele ya mama aache kuchezea nyaya arudi shule. Hakunikumbusha. Aliuliza tu: "Kaka, umechomoa kwenye umeme? Feni inazunguka? Ina miaka mingapi?" Nilipojibu akasema: "Hilo vumbi, na dawa ya juu ya prosesa imekauka. Ila boksi la pawa usilifungue, lina kapasita zinazotunza umeme hata ukishachomoa."

Bisibisi ya ncha ya nyota na dawa mpya vilinigharimu chini ya pauni 15. Ndani nilikuta vumbi limeganda kama pamba. Nikasafisha, nikafuta dawa ya zamani kwa spiriti, nikaweka mpya kiasi cha punje ya njegere. Kazi yake ni kuziba vijinafasi vya hewa kati ya prosesa na chuma cha kutawanya joto, maana shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa. Hilo nililijua kwa hesabu, mdogo wangu analijua kwa vidole. Mara ya kwanza nilisahau kurudisha waya wa feni, nikafungua upya. Sasa mwezi wa pili huu, mashine iko kimya.

Hoja yangu ni hii: sisi tuliovuka bahari tumezoea kuwaona mafundi wa Kariakoo na wa Luthuli kule Nairobi kama watu walioshindwa shule. Kumbe wana elimu ambayo wengi wetu hatuna. Wazungu wenyewe wanaitafuta: mwaka 2009 kule Amsterdam ilianzishwa Repair Café, watu wanakaa meza moja na kufundishana kutengeneza vitu vyao, na mtindo huo umeenea nchi nyingi.

Kuna watakaosema muda ni mali, nunua ya mtumba yaishe. Sikatai, kuna kifaa hakitengenezeki. Lakini ukitupa kila kinachoharibika, utarudi nyumbani na cheti, halafu jenereta ya kijijini ikizima utasimama pembeni na suti yako.

Basi naomba chama chetu kitenge meza moja kila mwezi. Mwenye bisibisi alete, mwenye redio mbovu alete.

Mdogo wangu nimeshamwomba radhi. Alicheka, akasema, "Yameisha kaka. Ila hiyo bisibisi ya nyota, ukija nyumbani niletee."